Daftari la wanawake wako watano

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi, na uniwie radhi kwa kuchelewa kujibu. Barua yako nimeisoma pamoja na orodha uliyoambatisha: Wangari Maathai, Rosa Parks, Florence Nightingale, kisha bibi yako mkunga, na mwalimu wako wa darasa la kwanza. Umeuliza uwaandikeje ili daftari likusaidie kuishi, lisibaki pambo la rafuni. Swali zuri, kwa sababu madaftari ya namna hii huharibika karibu yote mahali pamoja.

Mahali penyewe ni sifa. Kila jina umelipachikia maneno matatu, na yote matano yamepata yaleyale: jasiri, mvumilivu, mchapakazi. Ukihamisha sifa za Nightingale ukampa bibi yako, hakuna atakayegundua. Sifa ni kawa. Inafunika chungu, na wewe unachotaka kujua ni ndani kumepikwa nini, kwa moto gani, na maji aliyachota nani. Basi kila unapotaka kuandika neno la sifa, lifute, uandike alichofanya. Hilo la “mvumilivu” liogope kuliko yote, maana mara nyingi hupewa mwanamke aliyetwishwa mzigo, na ukishalitamka hakuna tena anayeuliza nani alimtwisha.

Nianze na Wangari, kwa kuwa kwake ni rahisi kuona tofauti. Umeandika “alipenda miti, akapata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004”. Kweli tupu, lakini utaifanyia nini kesho asubuhi? Rudi nyuma. Mwaka 1971 alipata shahada ya uzamivu, Chuo Kikuu cha Nairobi, katika anatomia ya wanyama. Jaribio lake la kwanza la miti lilikuwa kampuni ndogo aliyoiita Envirocare, ya kuotesha miche na kuwapa watu ajira, nayo ilikufa. Baadaye, akiwa ndani ya Baraza la Taifa la Wanawake wa Kenya, alisikia wanawake wa vijijini wakieleza shida zao: kuni ziko mbali, maji yamekauka, malisho hayatoshi. Tarehe 5 Juni 1977 ikapandwa miti saba huko Kamukunji, Nairobi, na hapo ndipo Green Belt Movement, harakati yake ya kupanda miti, ilipoanzia. Wataalamu wa misitu walishikilia kwamba upandaji ni kazi ya waliosomea. Wanawake wakaokota mbegu za miti iliyokuwa imewazunguka, wakaziotesha hata katika vyungu vilivyovunjika, na kila aliyefanikiwa akamfundisha mwenzake.

Sasa ingia ndani zaidi: wanawake hao walipewa malipo madogo kwa kila mche ulioshika. Kupanda kwenyewe hakukulipwa. Hapo pana akili kubwa kuliko hotuba zake zote. Anayelipwa kwa kupanda atapanda mchana na kesho hatarudi kumwagilia. Anayelipwa kwa mche ulio hai ataujengea uzio mbuzi asiufikie. Hilo waweza kulihamishia kwenye kazi yoyote, hata kwenye kikundi chenu cha kuweka akiba: msihesabu walioingia mwezi huu, hesabuni waliobaki baada ya miezi sita. Ukurasa wa Wangari wenye sentensi hiyo moja unazidi kurasa kumi za “Mama wa Miti”.

Rosa Parks ndiye uliyemkosea zaidi, lakini si wewe uliyeanza. Umeandika kwamba alikuwa mama mzee, mshona nguo, aliyechoka kwa kazi akakataa kuinuka kwenye kiti cha basi kumpisha abiria Mweupe. Tarehe 1 Desemba 1955, mjini Montgomery, Alabama, alikuwa na miaka 42. Ushonaji alikuwa nao kweli. Lakini tangu 1943 alikuwa katibu wa tawi la NAACP, chama cha kutetea haki za Wamarekani Weusi, na mwaka 1944 alitumwa kuchunguza kesi ya Recy Taylor, mwanamke Mweusi aliyebakwa na kundi la wanaume Weupe. Kiangazi cha 1955, miezi michache kabla ya kukamatwa, alihudhuria mafunzo ya wiki mbili katika Highlander, shule ya wanaharakati huko Tennessee. Yeye mwenyewe alisema baadaye kwamba mwili haukuwa umechoka kuliko siku nyingine; alichochoka nacho ni kukubali kila mara. Tena Machi mwaka huohuo msichana wa miaka 15, Claudette Colvin, alikuwa amekataa kuinuka katika mji huohuo, akakamatwa.

Unaona hadithi ya “mama aliyechoka” inavyotudhulumu? Inatuambia ujasiri ni ajali, unamshukia mtu jioni moja njiani. Miaka kumi na miwili ya ukatibu inasema vingine: majalada, barua, kusikiliza watu waliodhulumiwa na kuandika walichosema. Ongeza usiku ule baada ya kukamatwa kwake. Jo Ann Robinson, mwalimu wa chuo, alikesha akichapa makumi ya maelfu ya vikaratasi vya kuwaambia watu wasipande mabasi, akisaidiwa na mwenzake mmoja na wanafunzi wawili. Mgomo ulidumu siku 381. Kwa hiyo kila unapoandika mwanamke mashuhuri, tafuta aliyechapa vikaratasi. Yupo, na mara nyingi ni yeye unayeweza kumfuata, kwa sababu mashine ya kuchapia inapatikana kwa urahisi kuliko siku ya kihistoria.

Na hapohapo nikuulize: Bibi Titi Mohamed umemwachaje? Mwaka 1955 alipopewa kuongoza wanawake ndani ya TANU hakuanza na ofisi wala fomu. Alikuwa mwimbaji kiongozi katika ngoma za wanawake wa Dar es Salaam, akapitia kwenye vikundi vya ngoma, ambako viongozi, michango na vikao vilikuwepo tayari, akasajili maelfu. Mwite wa sita.

Nightingale, muuguzi Mwingereza anayekumbukwa kwa taa aliyopita nayo wodini usiku, nitamgusa kwa haraka, maana taa imemzidi mwenye taa. Alifika Scutari, hospitali ya jeshi la Uingereza huko Uturuki wakati wa Vita vya Krimea, Novemba 1854 na wauguzi 38. Askari walikuwa wakifa zaidi kwa maradhi kuliko kwa majeraha, na hata baada ya yeye kufika waliendelea kufa. Vifo vilishuka sana baada ya Machi 1855, tume ya usafi ilipozibua mifereji ya maji machafu na kuingiza hewa wodini. Yeye mwenyewe aliliona jambo hilo kwa uwazi baada ya vita, alipokaa na mtaalamu wa takwimu William Farr kupitia hesabu, na mwaka 1858 akachora zile duara zake zilizokatwa vipande kuonyesha nani alikufa kwa nini, mwezi kwa mwezi. Mtu anayekubali kwamba tarakimu zimemsahihisha, kisha akazitangaza, huyo ndiye wa kuandika. Taa iache kwenye kadi za salamu.

Sasa utaratibu wa hawa mashuhuri. Anza na maneno yao wenyewe: kitabu alichoandika, hotuba iliyorekodiwa, barua zake. Pili tafuta aliyefanya naye kazi. Tatu, magazeti ya wakati ule. Tanzia ziache mwisho, kwa sababu tanzia hupangwa kufariji, na ndizo zinazozaa “jasiri, mvumilivu, mchapakazi”. Pembeni ya kila sentensi andika ulikoitoa. Na usidanganyike na wingi: kurasa tano za intaneti zenye sentensi ileile ni chanzo kimoja kilichonakiliwa mara tano. Nukuu fupi tamu isiyosema ilitamkwa wapi na lini, usiiandike kabisa. Mwaka 1962, kabla ya mwanaanga John Glenn kuruka kuizunguka dunia, Katherine Johnson, mwanahisabati wa NASA, shirika la anga la Marekani, aliombwa ahakiki kwa mkono hesabu zilizotolewa na kompyuta. Ikiwa kompyuta ya NASA ilihakikiwa, nukuu ya kwenye kalenda nayo itasubiri.

Ukurasa wenyewe ugawe kwa mstari wima. Kushoto alichofanya, kulia alivyokifanya: kwa zana gani, na nani, kwa muda gani, kwa fedha za nani. Chini acha robo ya ukurasa kwa kilichoshindikana. Robo hiyo ikibaki tupu, bado hujamjua mtu huyo.

Tuje kwa bibi yako. Huyu ndiye wa haraka, kwa sababu Wangari ameshaandikwa na vitabu vyake vipo, bibi yupo kichwani mwake tu. Mwana Kupona binti Msham alipomtungia binti yake utenzi mwaka 1858 alikuwa mgonjwa kwa muda wa mwaka mzima, na mwanzoni kabisa anamwita mtoto aje aketi na wino na karatasi. Baadhi ya aliyousia kuhusu mke na mume utabishana nayo, na una haki. Lakini ule mwito wa wino na karatasi ushike. Yeye aliita, bibi yako hataita, itabidi wewe uende.

Kwanza ruhusa. Mweleze unarekodi nini, nani atasikia, nani atasoma. Mwambie anaweza kusema “hili usiandike” wakati wowote, hata mwezi mmoja baadaye. Kwa mkunga jambo hili ni zito maradufu: anajua siri za nyumba za watu. Majina ya aliowazalisha yasiingie daftarini.

Simu yako inatosha kurekodi. Iweke katika hali ya ndege ili isiite katikati ya maneno, futa picha upate nafasi, na ujaribu dakika moja kisha uisikilize, kwani kuangalia mstari unaocheza kwenye kioo hakutoshi. Ilaze juu ya kitambaa kilichokunjwa, sentimita 30 hadi 50 kutoka mdomoni mwake. Ukiiweka juu ya meza tupu, kila kikombe kitakachotuliwa kitasikika kama nyundo. Feni na friji masikio yetu huyazoea, kinasa sauti hakiyazoei. Vizimwe, au mhamie chumba chenye mapazia na godoro, ambacho hakina mwangwi. Kikao kisizidi saa moja. Mzee huchoka kabla hajakuambia, na aliyechoka hufupisha.

Asiwepo mtu wa tatu ikiwezekana. Mwanawe akiwepo atamjibia, au atamsahihisha, na bibi atanyamaza kwa adabu. Mkilazimika kuwa wengi, mpe huyo mwingine kikao chake siku nyingine, na umwambie hivyo mapema.

Kuhusu maswali, usianze na “maisha yako yalikuwaje?” Swali kubwa hivyo hujibiwa kwa “tumshukuru Mungu”, na kikao kimekwisha. Anza na mikono. Ulipoitwa usiku ulibeba nini? Kamba ya kufungia kitovu ilikuwa ya nini, na uliisafishaje? Nani alikufundisha, na mara ya kwanza alikuachia ufanye lipi? Ulijuaje kwamba huyu sasa apelekwe hospitali, simuwezi? Swali hili la mwisho ni la dhahabu. Ujuzi wa mtu huonekana kwenye mpaka wake: damu kiasi gani ilimtia hofu, uchungu wa muda gani aliuona umepita kiasi, mtoto aliyekaa vibaya alimtambua vipi kwa viganja. Andika kwa ajili ya kumjua yeye, si kwa ajili ya kumwiga. Uzazi una wataalamu wake, na bibi mwenyewe atakuwa wa kwanza kukuambia.

Usimwekee jibu mdomoni. “Uliogopa sana, siyo?” atakujibu ndiyo, kwa upole tu. Uliza “ikawaje?” kisha nyamaza. Akisita, hesabu moja hadi kumi kimoyomoyo kabla ya kusema neno; jambo lenye uzito mara nyingi huja kwenye saba. Na akikosea mwaka usimrekebishe hapohapo. Miaka ya wazee haiko kwenye kalenda, iko kwenye matukio. Muulize ilikuwa kabla au baada ya mtoto yupi kuzaliwa, ukame upi, mafuriko yapi, kiongozi yupi kuingia. Tarehe utazitafuta mwenyewe nyumbani kwa kulinganisha. Matukio mawili yakibana pande zote, umepata mwaka au unaukaribia. Andika “kati ya mwaka huu na huu”, na usione haya.

Zipo picha? Mwache ashike picha mkononi ukiwa unarekodi, ataje watu kuanzia kushoto kwenda kulia, mstari wa nyuma kwanza. Majina yaandike nyuma ya picha kwa penseli laini, pembezoni, ikiwa imelala juu ya kitu kigumu. Kalamu ya wino hupenya na kuacha doa mbele, na gundi ya utepe hugeuka njano ikaila karatasi.

Jioni ileile, kabla hujalala, fanya mambo mawili. Hifadhi faili kwa jina lenye mwaka, mwezi, siku na neno moja la kumtambulisha, kwa mpangilio huo, ili mafaili yajipange yenyewe. Nakala ziwe mbili, mahali pawili tofauti. Simu na kadi iliyo ndani ya simu hiyohiyo ni mahali pamoja, mwizi atavichukua vyote. Kisha andika nusu ukurasa wa yale ambayo sauti haikunasa: alivyoonyesha kwa mikono, alipocheka, alipogeuza uso.

Kunakili sauti kuwa maandishi ni kazi ndefu kuliko watu wanavyodhani. Saa moja ya mazungumzo hula saa nne hadi sita za kuandika, na akiongea kwa lahaja au kwa kasi, zaidi. Usiisanifishe lugha yake. Akisema neno lisilo la vitabuni, liache, weka maana pembeni. Ukiona huna muda wa kunakili yote, tengeneza orodha ya dakika: dakika ya 4 kamba ya kitovu, dakika ya 17 hospitali, dakika ya 31 aliyemfundisha. Orodha hiyo ya nusu saa itakuokoa miaka ijayo. Halafu rudi umsomee kwa sauti ulichoandika. Hatua hii wengi huiruka, na ndiyo inayoleta mengi, maana mtu akisikia maneno yake hukumbuka alichokiacha. Rekodi na kikao hicho pia.

Mwalimu wako utamfanyia vilevile, na yake ni mepesi: muulize mtoto asiyeshika herufi alikuwa anamkalisha wapi, alitumia nini chaki ilipokwisha, alianza na irabu au na jina la mtoto mwenyewe. Muombe akuonyeshe ubaoni.

Limebaki lile uliloliita “kuwafuata”. Hapa shika moja kwa kila mwanamke, liwe dogo na la kupimika, ulifanye siku 30 kabla ya kuongeza la pili. Kwa Parks, dakika 20 kila jioni za kuandika barua na kumbukumbu za kikundi, kwa kuwa ukatibu ndio uliokuwa kazi yake. Kwa Nightingale, jedwali moja la jambo linalokusumbua, lijazwe kila siku, lisomwe mwisho wa mwezi tu. Ukichukua yote kwa pamoja, kufika siku ya tisa utakuwa umeacha yote na kujiona huna nia, kumbe kosa ni la ratiba.

Na kila mmoja ana la kuachwa. Marie Curie, yule mwanasayansi uliyemtaja mwishoni mwa barua, alipata Nobel mara mbili, 1903 na 1911. Aliishi pia na radiumu, madini yenye mionzi ya hatari, mikononi na mifukoni bila kinga, akafa 1934 kwa ugonjwa wa damu, na madaftari yake hadi leo yana mionzi, yanahifadhiwa ndani ya masanduku yaliyotengenezwa kwa madini ya risasi. Wakati ule hatari haikujulikana ipasavyo. Wewe usisome pale kwamba mwanamke wa kweli hujiunguza kwa ajili ya kazi yake. Hata kwa bibi yako, muulize alilala saa ngapi, alilipwa nini, na nani aliangalia watoto wake alipokuwa kwa watoto wa wenzake. Jibu la hili la mwisho huenda likakupa mwanamke wa saba, ambaye jina lake halimo kwenye orodha yoyote.

Umesema unakwenda kumwona Jumamosi. Nenda asubuhi, wakati akili yake ni nyepesi, na usipeleke orodha ndefu. Maswali manne kwenye kipande cha karatasi yatatosha, la kwanza likiwa lile la alichobeba usiku. Ijumaa jioni simu ilale kwenye chaji. Ukishanakili dakika kumi za kwanza nitumie, tuone pa kurudi kumuuliza.

Msalimie sana bibi.

Ni mimi, rafiki yako wa siku zote